Boti Iliposimama: Kisa cha Mwalimu Aliyelevywa na Bahari Nje ya Mbudya

Mwalimu hakulewa njiani. Naanza na hilo kwa sababu kila niliyemsimulia alidhani balaa lilianza boti ilipoacha mchanga na kuanza kurushwa na mawimbi. Sivyo. Dakika 25 za kwenda alikuwa mzima kabisa, kakaa karibu na nahodha, macho mbele, anamimina maswali kama mtu anayefundisha baiolojia sekondari na amezoea kuwa yeye ndiye anayeulizwa. Bahari ilimlevya tulipofika, boti iliposimama.

Mimi ni msaidizi wa mkufunzi wa kuzamia. Nabeba mitungi ya hewa, nahesabu wanaoshuka na wanaopanda, na chini ya maji nakaa nyuma ya wanafunzi kama kondakta anayelinda mlango. Kisa ni cha Jumamosi moja ya Agosti, upande wa nje, unaotazama bahari kuu, wa kisiwa cha Mbudya karibu na Dar es Salaam. Nimeamua kukiandika kirefu kwa sababu karibu nusu ya makosa yaliyomo ni yangu, na kwa sababu mtu akitapika botini sisi wa pwani tuna jibu moja la haraka: hajazoea. Ni kweli hajazoea. Lakini wapo wengi wasiozoea ambao tumewapeleka na kuwarudisha wakiwa wanasimulia samaki tu, kwa hiyo neno hilo peke yake halielezi kitu.

Jumamosi yenyewe

Mwalimu anakaa Mbagala. Wiki ile alikuwa na majaribio ya wanafunzi ya kusahihisha, akalala saa 7 usiku, akaamka saa 10 alfajiri ili awahi daladala mbili na bodaboda mpaka ufukweni upande wa Kunduchi. Saa 12 na nusu alikuwa amefika. Tulipanga kuondoka saa 1.

Tuliondoka saa 3 kasoro robo. Mitungi miwili ilikuwa haijajazwa, na mteja mmoja alikwama kwenye foleni.

"Nahodha, shikamoo. Tutaondoka kweli?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi niko tayari tangu saa 12. Waulize hao wenye mitungi. Ila kusi hamsubiri mtu."

Alikuwa sahihi. Agosti upepo wa kusi uko kazini, unatoka kusini-mashariki. Alfajiri mara nyingi kuna umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara, na bahari inalala. Jua likipanda, kusi nalo linaamka. Saa 1 na saa 4 ni bahari mbili tofauti, na sisi tulipoteza ile nzuri tukiwa tumekaa kwenye mchanga.

Kwenye kusubiri huko ndipo suala la chakula lilipoharibika. Mwalimu alikuja bila kula kwa hesabu zake mwenyewe: tumbo likiwa tupu, hakuna cha kutapika. Mkufunzi akamwambia usipande boti na njaa. Ushauri mzuri, ila hakusema ale nini. Mwalimu akaenda kwa mama lishe, akarudi ameshushia chapati mbili na supu ya ng'ombe ambayo mafuta yake yangetosha kukaangia chapati nyingine. Wakati tunaisukuma boti majini akameza kidonge alichokinunua jana yake duka la dawa. Hicho kidonge nitakirudia, kina hadithi yake.

Kulikuwa na bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, na wakati ule yalikuwa yanapwa. Wateja wawili wazoefu walitaka mwamba wa nje, mkufunzi akakubali, na mimi sikusema kitu. Tulipofika nahodha akatia nanga kwenye mchanga pembeni ya mwamba. Kwa kawaida boti iliyofungwa nanga ya omo, yaani ya mbele, hugeuza uso kuelekea upepo, inapanda na kushuka kwa adabu. Siku ile mkondo uliivuta kivyake, mawimbi yakawa yanaijia ubavuni. Ikaanza kulala kulia, kulala kushoto. Nahodha hakuzima mashine kwa kuwa hakuiamini nanga yake, na moshi wake ukawa unazunguka kwetu badala ya kwenda zake.

Kuanzia hapo mpaka Mwalimu anaingia majini zilipita dakika 35. Dakika hizo ndizo kisa chenyewe.

Kwanza mkufunzi alieleza mpango wa kuzamia kwa kuchora kwenye kibao, sote tumeinamia kibao. Kisha kila mtu akafunga vifaa vyake: jaketi la kuelea kwenye mtungi, regileta, kile kifaa cha kuvutia hewa mdomoni, kwenye koki ya mtungi, mipira ya hewa huku na huku. Mwalimu, kwa kuwa mwanafunzi, alikosea, akafungua, akaanza upya, kichwa kikiwa magotini. Alikuwa ameshavaa suti ya mpira ya kuzamia na kuifunga mpaka shingoni, na jua la saa 3 na nusu limemwelekea mgongoni. Halafu wazoefu wakaingia kwanza. Ndivyo tulivyozoea: wanaojua watangulie, mwanafunzi abaki na mkufunzi.

Nilimwona akipiga miayo. Mara moja, mbili, nne. Nikajisemea, huyu hakulala. Maswali yakakatika. Akawa anameza mate. Midomo ikapauka, jasho likamtoka juu ya mdomo. Nilipofika kumshika bega alikuwa tayari ameinuka, akatapika upande wa joshi, unakotoka upepo, na upepo ukamrudishia.

"Huku, Mwalimu, huku demani!" Nahodha akapaza sauti, amechelewa kama mimi.

Kwa nini tulipofika, si njiani

Kiswahili kinasema bahari imemlevya mtu. Niliwahi kudhani ni usemi tu, mpaka niliposoma jinsi sikio la ndani linavyofanya kazi. Humo kuna mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji, na ndani ya kila mmoja kuna kijipazia laini kama jeli kinachopinda kichwa kinapogeuka. Pombe ikiingia kwenye damu hupenya kwenye jeli hiyo mapema kuliko kwenye majimaji yanayoizunguka, kijipazia kikawa chepesi, kikaanza kudai kwamba unazunguka wakati umelala kitandani. Mlevi na msafiri wa bahari wanateswa na kiungo kilekile. Wahenga wetu hawakufanya kosa kwenye kuchagua neno.

Tofauti ni kwamba baharini sikio linasema kweli. Boti inacheza, sikio linatoa taarifa. Muongo ni jicho. Ukiangalia kibao, mtungi au sakafu ya boti, jicho linaona vitu vimetulia, kwa sababu vyote vinacheza pamoja nawe. Ubongo unapokea ripoti mbili zisizolingana, na kwa sababu zake unaagiza tumbo lifungue mlango. Ushahidi mzuri wa kazi ya sikio ulipatikana Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, wanaume 11 viziwi kutoka Chuo cha Gallaudet walipotumiwa katika majaribio ya maandalizi ya safari za anga. Karibu wote walikuwa wamepoteza usikivu utotoni kwa homa ya uti wa mgongo iliyoharibu sikio la ndani. Walipelekwa kwenye bahari iliyochafuka karibu na Nova Scotia, Kanada, wakakaa wanacheza karata. Waliotapika ni watafiti.

Kwa hiyo njiani Mwalimu alikuwa salama kwa sababu mbili. Macho yake yalikuwa mbele, yanakiona kisiwa na mstari wa mbingu na maji, yanakubaliana na sikio. La pili linahusu mwendo. Boti ikikimbia inakutana na mawimbi harakaharaka, inagongagonga kama daladala kwenye barabara mbovu. Kiuno kinaumia lakini tumbo linavumilia. Waliolipima jambo hili walikuta kwamba mwendo unaochefua kuliko wote ni kupanda na kushuka polepole, mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 5. Tulipokuwa tunarudi nilikaa tezi, nyuma ya boti, nikahesabu mawimbi ya upande ule wa nje. Wimbi mpaka wimbi, sekunde 5, wakati mwingine 6. Tulikuwa tumetia nanga katikati ya kipimo chenyewe, tukamwinamisha mwanafunzi kichwa, tukamfunga suti ya mpira, tukampulizia moshi, kisha tukamwambia asubiri zamu.

Wengi hushika sababu moja na kuikumbatia: supu, au usingizi, au woga. Kwangu mimi supu ilikuwa kuni, si kiberiti. Mtu mwenye usingizi wa saa 3 na mafuta tumboni angefika mbali kama tungemwingiza majini dakika 5 baada ya kutia nanga.

Miayo ndiyo inayoniuma. Ulevi wa bahari hauanzi na kutapika. Unaanza na miayo, ukimya, mate mengi, jasho la baridi, rangi kubadilika. Kwa mtu mweusi rangi itazame midomoni na kwenye viganja. Hapo bado kuna dakika chache za kufanya kitu: kumfungua zipu, kumtoa kwenye moshi, kumwambia aache mtungi, nitaufunga mimi, wewe angalia kisiwa. Na kumhamisha akae katikati ya boti. Boti ikicheza, tezi na omo ndizo zinazorushwa zaidi; katikati, chini, ndiko kunakosogea kidogo. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali ina maana yake nyingine, najua, lakini kwa mgonjwa wa bahari ichukue kama ilivyo.

"Twende chini, kutatulia"

Baada ya kutapika Mwalimu akapata nafuu ya ghafla, kama ilivyo kawaida. Mkufunzi akamwambia, "Dada, twende chini. Chini kumetulia, utashangaa." Nahodha akasema, "Mwacheni mtoto wa watu apumzike." Mwalimu, ambaye alikuwa amelipia na amekuja kutoka Mbagala, akasema anashuka.

Ushauri wa mkufunzi si upuuzi. Kila mzamiaji amewahi kuona mtu aliyekuwa hoi botini akashuka na kupona. Lakini unategemea wimbi gani liko juu, na hapa hesabu inasaidia. Mwendo wa wimbi hupungua kadiri unavyoshuka, na huwa karibu umekwisha kwenye kina kinacholingana na nusu ya urefu wa wimbi, yaani nusu ya umbali kutoka mgongo wa wimbi moja hadi wa jingine. Kwenye maji ya kina, urefu huo kwa mita ni kama 1.56 mara sekunde za wimbi, mara sekunde hizo tena. Vijiwimbi vya sekunde 3, vile vya upande wa ndani wa Mbudya, vina urefu wa mita 14. Ukifika mita 7 umeachana navyo. Wimbi la sekunde 5 lina mita 39. Kuliacha lote unahitaji kushuka karibu mita 20, na kwenye mita 7 bado theluthi ya mwendo wake iko nawe.

Mkufunzi alijifunza ushauri wake upande wa ndani. Aliutumia upande wa nje.

Kuna jingine. Tulishuka kwa kufuata kamba ya nanga, na kamba ilikuwa inapanda na kushuka na boti. Mwalimu aliikazia macho. Maji ya kusi yalikuwa na ukungu, tunaona mita 6 hivi, kwa hiyo juu hakuona boti, chini hakuona mchanga, mbele hakuona kitu isipokuwa vumbi la bahari linakwenda huku na kurudi. Kule juu angalau kulikuwa na kisiwa cha kutazama. Kwenye mita 7 akatupa ishara ya mkono kwamba hali si nzuri, kisha akajishika tumbo.

Hapa mkufunzi alifanya kazi yake vizuri na namsifu bila kusita. Aliweka kiganja juu ya regileta ya Mwalimu akaibana mdomoni isitoke. Watu wanaogopa matapishi, lakini hatari ni pumzi inayofuata. Mwili ukimaliza kutapika huvuta hewa kwa nguvu bila kukuomba ruhusa, na kama mdomo hauna regileta, kinachovutwa ni maji. Regileta ina tundu la kutolea pumzi, na matapishi mepesi yanapita humo. Chapati ikikwama, unabonyeza kitufe cha katikati hewa isukume uchafu, au unampa mtu regileta ya akiba, ile yenye mpira wa manjano, ambayo ni safi. Mkufunzi alifanya yote mawili. Baada ya hapo unavuta kwanza kidogo, kwa tahadhari, ulimi ukiwa juu. Samaki wadogo wenye milia wakatuzunguka kwa furaha. Kwao ilikuwa siku njema.

Tukapanda polepole. Tangu kushuka hadi kichwa kutoka juu ya maji, dakika 9.

Uamuzi wa kumshusha ulikuwa makosa, na sisemi hivyo kwa kuwa matokeo yalikuwa mabaya. Mtu aliyetapika amepoteza maji, na ukosefu wa maji mwilini unatajwa miongoni mwa mambo yanayomweka mzamiaji karibu zaidi na ugonjwa wa mgandamizo, ule wa viputo vya gesi mwilini. Alikuwa mwanafunzi, hana ziada ya utulivu. Kulikuwa na mteremko wa upole upande wa ndani, mwendo wa dakika chache. Tungeweza kumpeleka huko baada ya wengine kupanda. Hatukuwaza, kwa sababu tayari tulikuwa hapo.

Dawa ya kutapika

Turudi kwenye kidonge. Mwalimu alimwambia muuzaji, "Naomba dawa ya kutapika." Muuzaji akauliza, "Tumbo limechafuka?" Mwalimu akajibu, "Bado. Kesho." Wakacheka wote wawili, akapewa metoklopramidi.

Metoklopramidi ni dawa nzuri kwa kutapika kunakotokana na tumbo, na kwa kazi nyingine za hospitali. Kwa ulevi wa safari haisaidii, kwa sababu tatizo halikuanzia tumboni. Muuzaji hakukosea, alijibu swali aliloulizwa. Neno la kusema dukani ni kwamba unasafiri kwa boti na unataka dawa ya kuzuia kulewa safari, na useme pia kwamba utazamia. Jamii inayofaa ni zile dawa za mzio za zamani ambazo huingia kwenye ubongo: sinarizini, meklizini, dimenihidrineti. Prometazini nayo inafanya kazi, lakini inalaza mtu, na mtu mwenye usingizi hapaswi kubebeshwa mtungi. Marekani kuna pia kibandiko cha skopolamini kinachobandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya safari na kudumu siku 3, kwa cheti cha daktari. Kinakausha mdomo, kinaweza kufifisha macho, na aliyekigusa asijifute jicho kabla ya kunawa.

Kuna mambo mawili tunayosahau kuhusu dawa hizi zote. La kwanza ni muda. Sinarizini inatakiwa saa 2 kabla. Ukishaanza kupiga miayo tumbo limeshapunguza kazi, kidonge kinakaa humo kama abiria aliyekosa gari, kisha kinatoka na supu. La pili ni kukijaribu nchi kavu, siku ambayo huna kazi ya hatari, uone kama kinakulevya chenyewe. Usingizi wa kidonge chini ya maji unafanana mno na ulevi wa naitrojeni, ule unaoletwa na gesi hiyo mtu akiwa kwenye kina kirefu, na hakuna wa kukutofautishia kule chini. Wenye presha ya macho, matatizo ya tezi dume, pumu au dawa nyingine wanazotumia, wazungumze na daktari kwanza.

Tangawizi haina madhara, na baadhi ya watu inawafaa. Ndimu ya kunusa inashinda moshi wa mashine, hilo tu, lakini si dogo. Bangili za kubana mkono sijaona zikimsaidia mtu ambaye hakuwa ameamua kusaidiwa.

Kabla ya kuilaumu bahari

Tukampeleka ufukwe wa ndani wa Mbudya, akalala kivulini, tukampa maji ya ORS kidogokidogo. Mkufunzi alikuwa anasema ni bahari tu, itapita. Nami niliamini hivyo, ila hapa tulifuata utaratibu, na nafurahi tuliufuata.

Kichefuchefu na kizunguzungu kwa mtu aliyetoka kuzamia huweza kuwa kitu kingine kabisa. Sikio la ndani huumia kwa shinikizo, hasa mtu akilazimisha kuzibua masikio. Viputo vya gesi huweza kukaa sikioni au kwenye uti wa mgongo. Tukamuuliza: kizunguzungu kilianza lini, kabla au baada ya kushuka? Kabla. Sikio moja limeziba au linavuma? Hapana. Ganzi, sindano, miguu mizito, kifua? Hapana. Ardhi ikiwa imetulia chini yako, hali inapungua? Inapungua. Na kwa kuwa mitungi miwili ilijazwa haraka asubuhi ile, tukawauliza waliotumia hewa hiyo kama wana kichwa kinachouma, maana kompresa, mashine ya kujazia mitungi, ikivuta moshi wa injini, sumu ya kaboni monoksaidi inaingia mtungini, na dalili zake ni hizohizo za kichefuchefu. Walikuwa wazima, wanakula ndizi.

Jibu moja tu lingekuwa tofauti, hasa lile la kwanza, tungempa oksijeni na kumtafuta daktari anayejua mambo ya kuzamia. Nusu saa baadaye Mwalimu aliomba ndizi yake. Mkono wake ukiwa bado unatetemeka akasema, "Nikiwafundisha watoto sikio la ndani mwaka huu, watanielewa."

Mara ya pili

Alirudi baada ya wiki mbili, na mimi ndiye niliyempigia simu siku tatu kabla. Nilimuuliza atalala wapi Ijumaa. Akalala kwa dada yake Tegeta, akaingia kitandani saa 3 usiku. Daktari alikuwa amempa sinarizini, ameijaribu Jumapili nyumbani, haikumlaza. Asubuhi alikula viazi vitamu vya kuchemsha na ndizi, akanywa chai ya rangi, akameza kidonge saa 11, na saa 1 na dakika 10 boti ilikuwa majini.

Vifaa vyote vilifungwa kwenye mchanga. Mkufunzi alieleza mpango chini ya mvinje, akachora kwa kijiti, akarudia mpaka kila mtu akauelewa, kwa hiyo botini hapakuwa na kibao. Suti alivaa hadi kiunoni tu. Juu aliimalizia wakati nahodha anapunguza mwendo. Tulikwenda upande wa ndani wa kisiwa, demani, uliokingwa na upepo. Mashine ikazimwa. Yeye na mkufunzi wakaingia kwanza, wazoefu wakasubiri zamu yao, na mmoja wao alinung'unika kidogo. Kutoka nanga kugusa mchanga hadi Mwalimu kugusa maji, dakika 6.

Alikaa chini dakika 38, kina kirefu zaidi mita 11. Kwenye kituo cha mwisho, pale tunaposimama kabla ya kutoka majini, mita 5 kwa dakika 3, mkufunzi alimshika mkono akamgeuza ayaangalie matumbawe badala ya kamba. Alipopanda alikuwa na kichefuchefu kidogo, akakaa katikati, akaangalia minara ya mjini, kikaisha. Mambo mengi yalibadilika siku moja, na ukiniuliza lipi lilimwokoa, nitaweka fedha yangu kwenye zile dakika 6. Mkufunzi anaweka yake kwenye kidonge. Nahodha anasema ni saa ya kuondoka, na kwamba alisema tangu mwanzo.

Kilichotusumbua baadaye ni gharama. Kuondoka saa 1 vifaa vikiwa vimefungwa maana yake mitungi ijazwe Ijumaa usiku, na sisi wafanyakazi tufike saa 11 alfajiri, wakati hakuna daladala ya uhakika. Nahodha aligoma wiki ya kwanza, akasema hatoki nyumbani gizani na njaa kwa ajili ya matumbo ya watu wengine. Tukabishana siku mbili. Mwisho tukakubaliana nauli ya bodaboda itoke kwenye fedha za safari, pamoja na chai na vitumbua, na vitumbua viliwe mchangani kabla boti haijaguswa. Nahodha anakula vinne.